Kiti cha buluu cha Malindi: mara 52 nimetolewa damu hapo

Nyota nne kati ya tano.

Nimekaa kwenye kiti hicho cha kliniki moja ya Malindi, natolewa damu kama tiba, mara 52 katika miezi 14, na kila mara tumelipa kwa fedha zetu wenyewe, mimi na mume wangu. Daktari mwenye kliniki ameniomba nisitaje jina lake wala la jengo, kwa sababu ana kiti kimoja cha kutolea damu na nesi mmoja wa kazi hiyo, na ukija umati hataweza kumtazama kila mtu kama alivyonitazama mimi. Hilo nimelikubali. Kunyamaza ndiko sikukubali, maana kabla ya kufika pale nilipotea miaka saba, na najua wako wanaopotea sasa hivi, chupa ya dawa ya kuongeza damu mkononi.

Mimi ni mtu wa Lamu, mtaa wa Langoni, mshonaji wa kofia za kutarizi. Nina miaka 31. Anayezijua kofia zetu anajua kwamba uzuri wake uko kwenye tundu: unatoboa kitambaa, unazungusha uzi ukingoni mpaka tundu linasimama duara, kisha unaendea la pili, mamia kwa mamia, na kofia moja nzuri inaweza kukuchukua miezi. Kazi hiyo ni ya kidole cha shahada na cha kati. Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyoanza kuniuma, pale kwenye fundo linapoungana na kiganja, mikono yote miwili. Nilidhani ni kazi. Mama alidhani ni baridi ya bahari.

Kabla ya vidole ilikuwa hedhi. Ilikatika nikiwa na miaka 22, miezi mitatu baada ya harusi. Mavyaa alifurahi sana, akaanza kuulizia kitanda cha mtoto kwa seremala. Kipimo kikaonyesha hakuna mimba. Tukapima tena, hakuna. Furaha ikageuka maswali, na maswali yakageuka ule ukimya ambao kila mwanamke aliyekaa nyumba ya ukweni bila mtoto anaujua.

Kisha ukaja uchovu. Huku kwetu mwanamke akisema amechoka huambiwa hana damu, na si ajabu, kwa kuwa wengi kweli hawana. Nikapewa vidonge vya damu. Nikapewa dawa ya maji, ile inayoacha ladha ya sarafu ulimini. Zahanati moja ilinichoma sindano za madini ya chuma mara tano bila kupima chochote, zaidi ya kunifunua jicho na kutazama ukope kwa ndani. Nyumbani nilisagiwa bitiruti, nikakaangiwa ini, nikapikiwa mchicha siku nne kwa wiki. Kila aliyenipenda alinilisha chuma.

Rangi nayo ikaanza kugeuka. Watu waliniambia nimeungua jua. Mtu avaaye buibui na kushona ndani ya kisebule anaunguzwa na jua lipi? Ilikuwa rangi ya shaba iliyochanganyika na majivu, zaidi usoni na kwenye makovu ya zamani. Nilipofika miaka 29 nilikuwa siwezi kupanda kutoka gatini hadi nyumbani bila kusimama mara tatu, na usiku moyo ulinipiga kama mtu anayebisha mlango kwa fujo. Miguu ikaanza kuvimba. Hapo ndipo khaloo wangu, ndugu wa mama, aliyeolewa Malindi, mtaa wa Shella, alipopiga simu akasema, “Mwanangu, ndoo huku. Usingoje mwezi uandame.” Tukavuka Mokowe asubuhi ile ile, tukapanda basi.

Sasa nieleze huduma yenyewe, maana ndiyo niliyokuja kuisifu na kuikosoa.

Kliniki iko ghorofa ya pili na haina lifti. Ngazi ni 34. Nimezihesabu kwa sababu siku ile mume wangu alinishika kiuno na tulipumzika kila baada ya ngazi sita. Chumba cha kungojea ni kidogo, kina viti vya plastiki na birika la maji, na mlango wake umeelekea upepo. Tulingoja dakika 40. Hiyo ndiyo mara ndefu kuliko zote nilizowahi kungoja pale.

Daktari hakuanza na swali. Alinisalimia, akanishika mkono wa kulia, akabonyeza fundo la kidole cha shahada, halafu la kidole cha kati, halafu vile viwili vilivyobaki. Niliruka kwa viwili vya kwanza tu. Akaushika mkono wa kushoto, ikawa vivyo hivyo. Ndipo akauliza, “Hedhi iko?” Nikamwambia miaka saba haipo. Akamtazama mume wangu kwa adabu, akanitazama mimi, akauliza, “Baba na mama wana udugu?”

Baba na mama ni watoto wa ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja. Kwetu hilo ni jambo la fahari, ni kurudisha damu nyumbani. Nilipomjibu nilijitayarisha kukaripiwa. Hakukaripia. Aliandika tu, akaniambia nirudi kesho asubuhi kabla sijala kitu.

Saa nzima na dakika kumi alikaa nasi siku ile. Miaka saba nilikuwa sijawahi kupata dakika kumi.

Vipimo alivyotaka kwanza vilikuwa viwili, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Kimoja ni ferritini, ambayo inaonyesha ghala la chuma mwilini limejaa kiasi gani. Cha pili ni kiwango cha kujaa kwa transferini. Daktari aliieleza hii ya pili kwa mfano wa gatini: transferini ni hamali wanaobeba chuma ndani ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, katika kila hamali 100, waliobeba mzigo huwa takriban 20 hadi 45, wengine wanatembea mikono mitupu. Vipimo hivi lazima visomwe pamoja, alisema, kwa sababu ferritini peke yake hupanda hata mtu akiwa na homa, maambukizi au ini lenye mafuta. Ikipanda ferritini na hamali nao wamelemewa, hapo kuna neno.

Yangu: ferritini 3,840. Kwa mwanamke, ikipita 200 tu inafaa kuulizwa kwa nini. Na hamali waliobeba mzigo walikuwa 94 kwa 100.

Nilikuwa na chuma, basi. Nilikuwa nacho kiasi cha kuniua, na nilikuwa nakunywa kingine kila asubuhi na kijiko cha asali.

Daktari alieleza, na nitaandika kama nilivyoelewa. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu au nne za chuma. Kila siku utumbo unaingiza miligramu moja au mbili tu, na kiasi hicho hicho hupotea kwa ngozi na matumbo. Mwili hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Wenye hedhi hupunguza kwa hedhi, basi. Kwa hivyo ulinzi wote uko mlangoni kwa kuingilia, na mwenye komeo ni ini, linalotoa homoni iitwayo hepsidini. Chuma kikitosha, ini hutoa hepsidini, utumbo unafunga. Kwangu komeo halikuwa likishuka. Chuma kiliingia tangu utotoni, kikajiweka kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo inayoamrisha hedhi, na kwenye vifundo vya vidole vyangu.

Ugonjwa huu huitwa hemokromatosisi, na una aina kadhaa. Ile iliyo maarufu ni ya Wazungu zaidi. Jeni yake, yaani kile kielelezo cha mwili tunachorithi kwa wazazi, huitwa HFE na ilitambuliwa mwaka 1996, na kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini takriban mtu 1 kati ya 200 ana hitilafu yake kwa pande zote mbili, wa baba na wa mama. Hiyo huja polepole, mara nyingi baada ya miaka 40, na wanawake huchelewa zaidi kwa sababu ya hedhi. Yangu ni ile adimu, ya vijana. Haingoji. Hupiga kabla ya miaka 30, wanaume na wanawake sawasawa, na hupenda moyo na viungo vya uzazi. Sampuli yangu ilipelekwa nje ya nchi kupitia maabara ya Nairobi, ikachukua wiki saba na shilingi 58,000, na jibu likaja kwamba hitilafu iko kwenye jeni ya HJV, iliyotambuliwa mwaka 2004. Ndiyo inayosaidia ini kujua chuma kimetosha.

Nilipouliza kwa nini mimi na si mama, daktari aliniona nimeshika kofia mapajani akaitumia hiyo. Kila mtu, alisema, amepewa vielelezo viwili vya kila tundu, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Kimoja kikiwa na kosa, unashona kwa kile kingine, kofia inatoka sawa, hakuna ajuaye. Baba ana kimoja chenye kosa, mama ana kimoja chenye kosa, na kosa ni moja kwa kuwa limetoka kwa babu au bibi mmoja. Mtoto akichukua vyote viwili vibovu, hana cha kushonea. Uwezekano huo ni mmoja kwa kila wanne, na unaanza upya kwa kila mimba. Sisi tuko watano.

Nimeandika maelezo haya kwa urefu kwa sababu ndiyo huduma yenyewe. Watu wakisifu hospitali husifu jengo. Mimi nasifu kwamba nilitoka pale naweza kumweleza mavyaa, na nikamweleza, na akalia, akaniomba radhi mbele ya mume wangu.

Nairobi tulikwenda kwa picha ya MRI ya kupima chuma kwenye ini na moyo. Ini lilikuwa limejaa, moyo umeguswa na nguvu zake za kusukuma zimepungua. Sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Tulirudi Malindi siku ya tatu.

Tiba ni kutoa damu. Hakuna cha ajabu zaidi ya hapo. Chuma kingi cha mwili kimo ndani ya chembe nyekundu za damu. Ukitoa damu, mwili unalazimika kwenda ghalani kuchukua chuma cha kutengenezea nyingine. Kila mililita 450 zinaondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kwa kuwa moyo wangu ulikuwa dhaifu, walianza na mililita 300 nikiwa nimelala nusu, na kwa miezi sita ya mwanzo nikameza pia deferasirox, dawa inayokamata chuma na kukitoa kwa njia ya choo. Dawa hiyo ni ghali na inataka figo na ini vipimwe kila mwezi. Nesi hakuacha hata mwezi mmoja upite.

Siku yangu ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kiti ni cha ngozi ya buluu, kimepasuka kidogo upande wa kushoto na kimeshonwa vizuri (nilimuuliza nani ameshona, akasema mwenyewe). Kwanza nesi ananitoboa ncha ya kidole kupima himoglobini. Ikiwa chini ya 11 hatoi, na mara nne alinirudisha nyumbani kwa sababu hiyo. Anapima presha. Ananipa maji glasi mbili, na siku za joto mume wangu huja na dafu. Halafu anafunga mkono, anatafuta mshipa kwa kidole, bila haraka, amefumba macho.

Sindano ni nene. Sitamdanganya mtu. Ukiitazama nchani unaliona tundu lake kwa macho matupu, duara kamili, kama tundu la kwanza la kofia kabla hujalizungushia uzi. Inauma inapoingia, hesabu mpaka tano, halafu maumivu yanakaa. Kisha mrija unajaa, na kwa kuwa unapita juu ya mkono wangu ninausikia ulivyo wa moto. Sikutarajia moto ule. Damu yangu mwenyewe inanipasha ngozi ikitoka. Mfuko umekaa juu ya kimashine kinachoutikisa taratibu na kuupima uzito, na nesi anakaa ubavuni, haondoki, hashiki simu. Anazungumza nami habari za mihogo yake ya huko Sabaki na mvua. Dakika 12, mara nyingine 15. Akimaliza anabana pamba, ananiweka robo saa na chai ya rangi na mkate wa mayai, na haniachi nishuke ngazi peke yangu.

Wiki ya sita aliniacha. Palikuwa na dharura ya mtoto, nikashuka peke yangu, macho yakaingia giza kwenye ngazi ya ishirini na kitu, nikakaa chini pale pale. Sikuumia. Nesi alikuja mbio akanikuta nimeegemea ukuta, na tangu siku ile kuna kijana wa mapokezi anayeshuka na kila aliyetolewa damu. Hilo nimelihesabu kama kosa, na marekebisho yake nimeyahesabu pia.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwezi wa saba, ferritini yangu ilirudi kutoka maabara ikiwa 41. Mwezi uliotangulia ilikuwa 1,910. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijua haiwezekani, kwa sababu nesi alikuwa amenifundisha kuandika kila jibu kwenye daftari, na nilikuwa najua hushuka kwa mwendo gani. Nikampa daftari. Alitazama dakika moja, akasema, “Dada, hii si yako. Tumekosea chupa.” Hakutafuta maneno. Alimpigia simu mgonjwa mwingine akiwa mbele yangu, akanitoa damu upya bila malipo, na jibu likawa 1,640. Kwa upande mmoja, chupa mbili kubadilishwa majina ni jambo la kutisha. Kwa upande mwingine, sijawahi mahali pengine kusikia mtu wa afya akisema “tumekosea” kabla hajaulizwa mara mbili.

Bei: kutolewa damu ni shilingi 3,500 kila mara, ferritini 2,800 kila mwezi. Jumla yake ni mzigo. Tuliuza mashine ya boti ya akiba. Nimezungumza nao habari ya bei, wakanipunguzia kuanzia mara ya 20, bila kunitaka nimwambie mtu.

Ramadhani ilinikuta katikati ya matibabu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kutolewa damu hakubatilishi saumu, lakini kutoka mililita 450 ukiwa na kiu ya mchana wa Malindi ni kujitafutia kuanguka. Nilikuwa tayari kukatisha mwezi mzima. Nesi, ambaye ni Mgiriama na Mkristo, ndiye aliyesema atarudi saa mbili usiku, nikishafuturu. Alirudi Alhamisi nne. Alipanda zile ngazi usiku, akawasha taa moja, akaweka tende mezani. Nyota ngapi zinalipa hilo sijui.

Watu wa nyumbani waliuliza, na ni swali zuri: kwa nini nisipigwe chuku tu? Babu yangu alikuwa akiumika watu kwa pembe, na hijama ni sunna. Nilimuuliza daktari bila kuona haya. Akasema chuku hutoa damu kidogo, tena haipimwi, na mimi nilihitaji kuondoa karibu gramu kumi za chuma, yaani miligramu elfu kumi. Gramu kumi ni uzito wa msumari wa inchi nne hivi. Mume wangu alikwenda akautafuta kwenye sanduku lake la vifaa, akaniwekea kiganjani. Nilikuwa nao ndani yangu miaka yote hiyo, umesagwa unga.

Kilichonichoma roho ni kuona mfuko ule unatupwa. Kuna hospitali hapa watu wanazunguka kutafuta damu ya mama aliyejifungua, na yangu inakwenda kuchomwa. Australia damu ya wenye hemokromatosisi huweza kupokewa na kupewa wagonjwa wengine ikitimiza masharti. Natamani nifike siku yangu iwe na mtu wa kuipokea.

Alhamisi nyingine nilimkuta mzee wa Kitaliano anayeishi Malindi tangu ujana wake, anazungumza Kiswahili cha kwetu kabisa. Yeye ana ile aina ya Wazungu, anatolewa damu kila miezi mitatu, ameanza kabla mimi sijazaliwa. Ndiye aliyenipa habari za jikoni kwa undani kuliko wote: chai ya rangi pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma kuingia, vidonge vya vitamini C mbali kabisa, maana vinakivuta (maembe na ndimu kula, usiogope), pombe yeye aliacha kwa ajili ya ini, kwangu hilo halikuwa na shida. Na chaza wabichi usiguse. Kuna bakteria wa maji ya bahari, Vibrio, ambao kwa mtu aliyejaa chuma wanaweza kuua kwa siku moja au mbili. Daktari alithibitisha, akaongeza: ukiwa na kidonda mguuni, usiingie majini kupanda boti. Mtu wa Lamu kuambiwa asitie mguu baharini! Mume wangu sasa hunibeba.

Hali yangu leo. Ferritini 88. Ngozi imerudi yangu. Moyo, kwa picha ya pili, umerudi karibu na kawaida, na ngazi 34 nazipanda kwa pumzi moja. Sukari imetulia kwa kidonge kimoja. Sasa natolewa kila baada ya miezi miwili, na itakuwa hivyo maisha yangu yote. Hedhi imerudi kwa homoni ninazopewa, haikurudi yenyewe, na habari ya mtoto daktari aliisema wazi: tezi imeumia, lakini mayai yapo, kuna sindano za kuyaamsha kwa daktari wa uzazi, na hawezi kuniahidi. Vidole havikupona. Aliniambia mapema kwamba viungo mara nyingi havirudi. Nashona saa moja, napumzika mbili. Kofia iliyokuwa ya miezi minne sasa ni ya mwaka.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya ngazi, ambazo mgonjwa wa moyo hapaswi kuzipanda, na kwa sababu majibu yote huandikwa kwa Kiingereza. Maneno mazuri ya daktari yanabaki kliniki, karatasi inakwenda nyumbani, na mtu kama mama yangu hawezi kuisoma. Nimewaambia wote wawili. Wamesema wanatafuta chumba cha chini.

Jambo la mwisho waliloling'ang'ania, kiasi cha kuniudhi, ni ndugu zangu. Kila Alhamisi nesi aliuliza, “Wale wanne wamepima?” Kila Alhamisi nilisema bado. Dada zangu wawili waliogopa kwamba wakijulikana hawataolewa. Kaka mkubwa alisema yeye ni mzima. Mwishowe daktari alimpigia simu baba mwenyewe, akamwomba kwa heshima, kama mtu anayeleta posa, na baba akawaleta wote kwa basi moja. Dada hawana. Kaka mkubwa ana kielelezo kimoja tu, hatadhurika. Mdogo wetu wa mwisho, wa miaka 16, ambaye anacheza mpira na hajawahi kuugua zaidi ya malaria, anavyo vyote viwili. Ferritini yake ilikuwa 870. Moyo mzima, sukari sawa, sauti imeshavunjika na ndevu zimeanza.

Hufika Malindi kila Jumamosi ya pili kwa sababu ya shule, na nesi amekubali kufungua siku hiyo kwa ajili yake. Mara ya kwanza aliiona sindano akageuza uso ukutani. Nilikaa ubavuni nikamshika mkono ule mwingine, nikabonyeza fundo la kidole chake cha shahada, halafu la kidole cha kati. Hakuruka.